Kumtafuta Msimamizi wa Mji: Ajira ya Mtendaji Mkuu katika Miji Midogo ya Kandokando ya Mto, Jimbo la Iowa

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mji mdogo ulio kandokando ya mto, katika eneo la Marekani linalojulikana kama Magharibi ya Kati, unavyomtafuta na kumwajiri msimamizi wake mkuu. Mifano mingi imechukuliwa katika jimbo la Iowa, ambalo mpaka wake wa mashariki ni Mto Mississippi na mpaka wake wa magharibi, kwa sehemu kubwa, ni Mto Missouri. Katika kingo za mito hiyo kuna Dubuque, Clinton, Davenport, Muscatine, Burlington na Keokuk upande wa mashariki, na Sioux City upande wa magharibi. Ni miji iliyokua kwa biashara ya mto, mbao, reli na viwanda, na baadhi yake imekuwa ikipungukiwa na watu kwa zaidi ya nusu karne. Burlington ilikuwa na wakazi zaidi ya 32,000 katika sensa ya 1960. Sensa ya 2020 ilihesabu 23,982. Keokuk ilishuka kutoka zaidi ya 16,000 hadi 9,900 katika kipindi hichohicho.

Ugumu wa kumwajiri mtendaji mkuu katika mji wa aina hii kwa kawaida huelezwa kuwa ni uhaba wa watu wenye sifa walio tayari kuhamia huko. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maswali mawili magumu zaidi hutangulia hata tangazo la kazi: baraza linakusudia kumkabidhi mtu huyo mamlaka kiasi gani, na wananchi wataruhusiwa kuona sehemu gani ya uteuzi wenyewe. Baraza lisiloyajibu maswali hayo mapema hulazimika kuyajibu baadaye, na mara nyingi hapo huwa tayari kuna mgogoro.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa kwanza. Sheria ya Iowa hutumia neno moja kwa kila mamlaka ya mji iliyosajiliwa, iwe na wakazi mia mbili au laki mbili, na jimbo lina mamlaka za aina hiyo zaidi ya 900. Msomaji aliyezoea ngazi za Tanzania za mji mdogo, mji, manispaa na jiji atapotoshwa iwapo zote zitaitwa majiji. Kwa hiyo makala haya yanatumia neno mji. Aidha, msimamizi anayezungumziwa hapa asichukuliwe kuwa sawa na mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi wa Tanzania huteuliwa na Rais na anaweza kuhamishwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Huku Iowa gavana hana kauli, wala hakuna waziri anayehusika. Madiwani wachache, mara nyingi watano au saba, ambao wengi wao wana kazi nyingine za kuwaingizia kipato, ndio wanaotafuta, wanaosaili, wanaopanga mshahara na wanaoweza kufukuza.

Asili ya wadhifa na funzo la Dayton

Wazo la kuajiri mtaalamu asiyechaguliwa kwa kura ili aendeshe mji lilianza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Staunton, katika jimbo la Virginia, iliajiri meneja mwaka 1908. Hata hivyo, mji ulioueneza mfumo huo ulikuwa Dayton, Ohio, nao ni mji wa mto. Mwezi Machi 1913 Mto Great Miami ulifurika na kuua watu wengi mjini humo. Mjadala wa kubadili mfumo wa utawala ulikuwa umeshaanza, lakini mafuriko yaliwaondolea wapinzani nguvu. Mwaka huohuo wapiga kura walipitisha hati mpya iliyoweka meneja chini ya tume iliyochaguliwa, na mfumo ukaanza kutumika Januari 1914.

Namna Dayton ilivyomtafuta meneja wake inafundisha. Viongozi walimwendea kwanza George Goethals, mhandisi wa jeshi aliyesimamia ujenzi wa Mfereji wa Panama, naye akakataa. Kisha wakampata Henry Waite, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Cincinnati. Dayton haikutafuta mwanasiasa wala mzawa wa mji. Ilitafuta mhandisi, kwa kuwa jeraha lililokuwa bichi lilikuwa la maji na kuta. Tabia hiyo ya kuajiri kwa kuangalia jeraha la mwisho ipo hadi leo, na si lazima iwe kosa. Inakuwa kosa pale mji unapotibu kidonda cha jana huku ugonjwa wa leo ni mwingine, kwa mfano mabomba ya maji taka yaliyochakaa au kodi inayokusanywa kwa watu wanaozidi kupungua.

Mwaka 1914 mameneja hao walianzisha chama chao, ambacho leo ni cha kimataifa na hujulikana kwa kifupi kama ICMA. Kanuni zake za maadili, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924, humzuia mwanachama kushiriki siasa za uchaguzi, humtaka aheshimu ofa aliyokwisha kuikubali, na humshauri akae kazini angalau miaka miwili ili huduma yake iwe na maana. Kanuni hizi ni muhimu kwa mji mdogo kwa sababu hauna njia nyingine rahisi ya kumbana mtaalamu anayeuchukulia kama ngazi ya kupandia kwenda mji mkubwa.

Meneja au msimamizi

Sheria ya Iowa inatoa mifumo kadhaa ya utawala wa mji. Katika mfumo wa baraza na meneja, mamlaka ya meneja yameandikwa katika sheria ya jimbo lenyewe: huajiri na kusimamia watumishi, husimamia utekelezaji wa maamuzi na kulishauri baraza kuhusu fedha. Dubuque ni mfano wa mfumo huo. Katika mfumo wa meya na baraza, ambao ndio unaotumika katika miji mingi zaidi, baraza linaruhusiwa kuunda wadhifa wa mtendaji mkuu kwa sheria ndogo na kumpangia kazi zake. Huyu wa pili ndiye ambaye kwa kawaida huitwa msimamizi. Mamlaka yake ni yale tu ambayo baraza limemwandikia, na baraza lijalo linaweza kuyapunguza kwa kubadili sheria ndogo hiyohiyo.

Tofauti hii inaonekana ya kisheria tu mpaka mtu anapouliza ni nani anayemfukuza mkuu wa polisi, au ni nani anayeteua wajumbe wa bodi ya maktaba. Katika mfumo wa meya na baraza, meya wa Iowa si mjumbe wa baraza na hapigi kura kama diwani, lakini amechaguliwa na wananchi wote na anaweza kutumia kura ya turufu. Akiwepo meya mwenye nguvu ya kura na msimamizi mwenye nguvu ya ofisi, mpaka usiochorwa vizuri hugeuka uwanja wa mapambano. Muscatine ilipita katika hali hiyo: mgogoro ulihusu, pamoja na mambo mengine, mamlaka ya meya ya kufanya uteuzi, na mwaka 2017 madiwani walipiga kura kumwondoa meya madarakani. Mahakama ilibatilisha uamuzi huo. Mwombaji makini wa kazi huanza na sheria ndogo za mji kabla hajasoma tangazo lake, na akikuta hazieleweki ana haki ya kusita.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo mabaraza mengi hupoteza nafasi nzuri. Msimamizi anapoondoka, kiti huwa wazi kwa miezi kadhaa huku kikishikiliwa na kaimu, mara nyingi mkuu wa fedha, karani wa mji au mkuu wa idara nyingine. Huo ndio wakati wa pekee ambapo sheria ndogo inaweza kurekebishwa bila kuonekana inamlenga mtu fulani. Badala yake, nguvu zote huelekezwa kwenye kuandika tangazo.

Hatua za utafutaji

Baraza likishakubaliana, huamua kama litaendesha utafutaji lenyewe au litaajiri kampuni ya kutafuta watendaji. Miji mingi midogo huchagua kampuni, licha ya gharama, kwa kuwa haina ofisi kubwa ya rasilimaliwatu na kwa kuwa mkuu wa rasilimaliwatu aliyepo angejikuta akimchuja mtu atakayekuwa bosi wake. Mshauri wa kampuni huzungumza na kila diwani peke yake, na wakuu wa idara, na wakati mwingine na wafanyabiashara na wakazi. Kutokana na mazungumzo hayo huandaliwa kijitabu kinachoueleza mji na kutaja sifa zinazotakiwa.

Vijitabu hivi vinafanana mno. Vingi vina picha ya mto wakati wa machweo, hutaja shule nzuri na njia za baiskeli, kisha humtaka kiongozi mwenye maono, mkweli na msikivu. Mtu anaweza kuvisoma kumi bila kujua ni mji upi ulio na deni kubwa. Kijitabu chenye manufaa kingeeleza kwamba baraza limegawanyika kuhusu kuuza jengo fulani, kwamba mtambo wa maji taka lazima ujengwe upya, na kwamba kikosi cha zimamoto kina nafasi zisizojazwa. Maelezo kama hayo huwakimbiza baadhi ya waombaji. Wanaokimbia kwa sababu hiyo ni heri wakimbie kabla ya kuhamisha familia.

Tangazo hupelekwa kwenye orodha za kazi za ICMA, kwa umoja wa miji wa jimbo na kwa majimbo jirani. Baada ya wiki kadhaa mshauri huchuja maombi na kuwapa madiwani orodha fupi. Hufuata maswali ya kujibiwa kwa maandishi, usaili kwa njia ya video, na uchunguzi wa historia ya mwombaji. Waliobaki, mara nyingi watatu au wanne, hualikwa kuuona mji. Huzungushwa kwenye mtambo wa maji, ukingo wa mto na barabara kuu. Husailiwa na jopo la wakuu wa idara na jopo la wakazi. Jioni huwepo hafla ya wazi ya kukutana na wananchi. Kesho yake husailiwa na baraza zima.

Mke au mume wa mwombaji huwa amekuja pia, na mara nyingi ndiye anayeamua. Katika mji wa watu 10,000 nafasi za ajira kwa mwenzi mwenye taaluma ni chache, na nyumba nzuri zilizo sokoni zinaweza kuhesabika kwa vidole. Sharti la kuishi ndani ya mipaka ya mji, ambalo mabaraza mengi hulipenda, linapaswa kupimwa kwa kuzingatia hali hiyo.

Mto kama sehemu ya kazi

Kwa nini mji wa mto utazamwe tofauti na mji wa mashambani wenye idadi sawa ya watu? Sababu moja ni kwamba ukingo wa mto una wenyewe wengi. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani ndicho kinachoendesha mabwawa na malango ya kupitishia vyombo katika sehemu ya juu ya Mto Mississippi, na ndicho kinachodumisha mkondo wenye kina cha futi 9 kwa ajili ya tishali za nafaka na mbolea. Reli mara nyingi hupita kati ya barabara kuu na maji. Serikali ya jimbo, serikali ya shirikisho na kampuni binafsi zote zina haki zao pale ambapo wananchi wanaona ni ufuo wao. Msimamizi asiyejua kujadiliana na taasisi kubwa kuliko mji wake atachelewesha hata ujenzi wa kijia cha miguu.

Sababu nyingine ni mafuriko, na hapa Dubuque na Davenport zinaonyesha njia mbili zilizo kinyume. Mwaka 1965 mto ulifika futi 26.81 huko Dubuque, na mji ukajenga ukuta uliokamilika mwaka 1973. Davenport, mji mkubwa zaidi ya inayozungumziwa hapa lakini wenye mto uleule, imekataa kwa miongo mingi kujifungia nyuma ya ukuta wa kudumu. Tarehe 30 Aprili 2019 vizuizi vya muda vilivyowekwa katikati ya mji vilivunjika na mitaa ikafurika, na siku chache baadaye mto ukafika futi 22.7, kiwango kilichozidi kile cha mafuriko makubwa ya 1993.

Mtaalamu wa hesabu za fedha anaweza kusema ni njia ipi ya gharama nafuu. Hawezi kusema kama wananchi wa Davenport wanapaswa kuuona mto wao kutoka barabarani. Hilo ni suala la thamani, na ni la madiwani. Swali la usaili linalofichua mengi ni hili: baraza likiamua kinyume cha ushauri wako kuhusu ukuta, utafanya nini siku ya pili? Mwombaji anayejibu kwamba atalishawishi baraza mpaka likubali hajaelewa kazi anayoiomba. Anayejibu kwamba atatekeleza bila neno naye anatia shaka, kwa sababu baraza linahitaji mtu atakayeandika hatari alizoziona, aziweke mbele ya umma, kisha atekeleze kwa uaminifu.

Siri ya maombi na haki ya wananchi

Suala lenye ubishi zaidi ni nani aone maombi ya kazi. Miji miwili ya mito ya Iowa ndiyo iliyolifikisha mahakamani. Mwaka 1980, katika shauri kati ya mji wa Dubuque na gazeti la Telegraph Herald, Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua kwamba maombi ya kazi yalikuwa kumbukumbu za umma. Katika miaka iliyofuata bunge la jimbo liliongeza kifungu kinachoruhusu kufichwa kwa mawasiliano ambayo watu walio nje ya serikali huyatuma bila kulazimishwa na sheria, iwapo chombo kilichoyapokea kina sababu ya kuamini kwamba watu hao wangeacha kuyatuma kama yangewekwa wazi. Baadaye waandishi wa habari wa Sioux City walidai kuona maombi ya kazi ya umeneja wa mji wao. Mwaka 1988 mahakama, kwa kutumia kifungu hicho kipya, iliupa mji ushindi.

Sababu ya usiri ni ya kweli. Mwombaji bora kwa kawaida ni mtu aliye kazini katika mji mwingine. Jina lake likitangazwa mapema, madiwani wake wa sasa watamwona kama mtu aliyekwisha kuondoka, na asipopata kazi mpya atarudi kwenye ofisi iliyopoa. Kwa upande mwingine, usiri humnyima mwananchi kipimo. Anapoonyeshwa majina matatu hawezi kujua kama yametoka kwa waombaji sitini au sita, wala kama mtumishi wa ndani alibebwa.

Sheria ya mikutano ya wazi inasaidia kwa kiasi. Baraza linaweza kujifungia ili kupima uwezo wa mtu anayefikiriwa kuajiriwa, lakini kwa masharti: mtu huyo mwenyewe awe ameomba faragha, kufungwa kwa kikao kuwe ni kwa lazima ili kuepusha madhara yasiyorekebishika kwa heshima yake, na theluthi mbili ya wajumbe wote, au wote waliohudhuria, wawe wamekubali kwa kura ya wazi. Kikao hicho hurekodiwa kwa sauti. Kura ya mwisho ya kuajiri lazima ipigwe hadharani. Kwa hiyo sheria inalinda mwanzo wa faragha na mwisho wa wazi, na katikati inategemea hiari ya madiwani.

Hiari hiyo ina nafasi kubwa kuliko inavyotumiwa. Hakuna kinachozuia baraza kutangaza idadi ya maombi, majimbo yalikotoka na viwango vya uzoefu bila kutaja majina, au kuchapisha vigezo vya alama kabla ya usaili. Hakuna kinacholazimisha majina ya waliobaki kutolewa Alhamisi na kura kupigwa Jumatatu. Wiki mbili kati ya tangazo na kura zingemwezesha mkazi, au gazeti dogo la mji kama bado lipo, kupiga simu kwenye miji ambako waombaji wamewahi kufanya kazi. Waliofika hatua hiyo wameshakubali kujulikana, kwa hiyo hoja ya kuwalinda imepungua nguvu.

Mkataba na kalenda

Mkataba hujadiliwa na mwanasheria wa mji, na kipengele kinachowakera wananchi zaidi ni malipo ya miezi kadhaa iwapo msimamizi ataachishwa bila kosa. Wengi huyaona kama zawadi ya kushindwa. Lakini mtu anayeweza kufukuzwa Jumanne usiku kwa kura tatu dhidi ya mbili hatasema ukweli kuhusu bajeti kama hana akiba ya kumfikisha kwenye kazi nyingine. Katika miji ya Iowa uchaguzi hufanyika Novemba ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na madiwani wapya huanza kazi Januari. Msimamizi aliyeajiriwa katika kiangazi cha mwaka wa uchaguzi anaweza, ndani ya miezi sita, kujikuta akilitumikia baraza ambalo wengi wake hawakumchagua. Dubuque, kwa kulinganisha, ilimwajiri meneja mwaka 1993 na miaka 30 baadaye alikuwa bado kazini, akiwa amefanya kazi na mabaraza mengi yaliyopishana.

Tarehe ya kuripoti nayo hupangwa mara nyingi kwa kufuata likizo za shule za watoto wa mwajiriwa, jambo linaloeleweka. Kalenda ya mji haifuati likizo hizo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti lazima iwe imeidhinishwa na kuwasilishwa kabla ya Aprili kwisha. Kodi ya majengo ndiyo nguzo yake, na kwa miongo mingi tozo ya mfuko mkuu imewekewa kikomo cha dola 8.10 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 imebana zaidi ukuaji wake. Mwezi Aprili ndio pia ambao theluji ya Minnesota na Wisconsin, ikishayeyuka, huinua maji kwenye vipimo vya mto. Anayeingia ofisini Februari hurithi bajeti iliyoandikwa na kaimu, na ana wiki chache tu za kujua ni nani mwenye ufunguo wa pampu za mafuriko.